Kuomba moto kwa jirani

Mama alizikwa Makete, mwezi wa sita mwaka 1998, siku ya baridi kali kiasi kwamba wachimba kaburi walianza kwa sururu kabla ya kushika majembe. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili nyuma. Mimi nilikuwa na miaka 11, kaka yangu 13, na mdogo wetu wa mwisho, wa miaka 3, alikuwa mgongoni kwa Bibi. Ninayoyakumbuka ya siku ile hayana mpangilio: harufu ya kuni mbichi, sweta ya shule niliyoivaa chini ya kitenge cha shangazi, na wazee wawili waliomshika kaka mabega pale kaburini wakamwambia, "Jikaze. Wewe sasa ndiye baba." Kaka akajikaza. Hakutoa chozi. Jioni watu walimsifia mbele yetu sote kwamba huyu ni mwanaume kweli. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka, na nikaachwa nilie kwa sababu ni mtoto wa kike.

Leo mimi ni muuguzi. Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa Mbeya, mwaka wa 13 sasa. Neno lile walilomwambia kaka nalisikia koridoni kila wiki. Mama mwenye miaka 22 ametoka kupewa majibu, dada yake anamvuta mkono: jikaze, watu wanaangalia. Kijana amefiwa na mke, shemeji zake wanamwambia jikaze, watoto watakuonaje. Wanasema kwa upendo, najua. Ila nimeona neno hilo lilivyomfanya kaka yangu, na nimebeba jambo hili kifuani muda mrefu.

Wanasaikolojia wana neno wanalolitumia kwa hali ya mtu kupigwa na jambo zito na bado akaendelea kuishi, kufanya kazi, kupenda na kupendwa. Kwa Kiswahili tunasema ustahimilivu. Shida ni kwamba tukilisikia neno hilo vichwani mwetu inakuja picha ya mtu amekunja uso, amekaza taya, amebeba peke yake. Tunasema fulani ana roho ngumu. Tunasema amepiga moyo konde. Halafu tunamwacha hapo hapo alipo na moyo wake, kwa sababu tumeshaamua kwamba anaweza.

Mimi nililelewa na mtu ambaye kijiji kizima kilimwita mwenye roho ngumu, kwa hiyo nataka nieleze kilichokuwa kinafanyika ndani ya nyumba yake.

Bibi alikuwa mfupi, mwembamba, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alikuwa amezika watoto wanne ndani ya miaka sita. Ambaye hakuwepo Makete miaka ile ni vigumu kumweleza. Kuna wiki kengele ya kanisa ilipigwa mara tatu. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, lakini kwetu vilipozidi, watu waliishiwa hata nguvu za kuliana. Unatoka msiba huu unapitia kwenu kubadilisha kanga, unaelekea msiba mwingine. Mkoa wa Njombe, ambamo Makete imo, mpaka leo ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi: utafiti wa taifa wa mwaka 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wanaishi na virusi, na ule wa 2022–23 asilimia 12.7. Tofauti kubwa kati ya wakati ule na sasa ni dawa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004. Mama alikufa miaka sita kabla. Kila ninapomkabidhi mtu chupa yake ya dawa za miezi mitatu, hesabu hiyo hunipita kichwani, na sidhani itaacha kunipita.

Siku matanga yalipoanuliwa, shangazi wakapanda gari kurudi Njombe, majirani wakabeba masufuria yao, na nyumba ikanyamaza. Bibi akatuita jikoni akagawa kazi. Kaka alipewa kuni na mbuzi wawili. Mimi nikapewa moto. Mdogo wetu akapewa kuku: kila jioni asimame mlangoni awahesabu wakiingia. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka nne, na kuku walikuwa saba. Basi alihesabu "moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu," na Bibi, popote alipokuwa, aliitikia, "Haya, wametimia." Kila jioni. Hakuna siku aliyosahau kuitikia.

Kazi ya moto ilikuwa hivi. Kiberiti kilikuwa pesa, kwa hiyo moto haukutakiwa kuzimika. Usiku, chakula kikishaisha, unachagua kaa moja kubwa la kuni ya muwati, maana muwati unashika moto muda mrefu, unaliweka katikati ya mafiga. Bibi alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe namna ya kulifukia. Kwanza majivu laini yaliyo bado na joto, unayamwaga polepole kama mtu anayechekecha unga. Juu yake majivu ya baridi. Halafu unabonyeza kwa kiganja, kidogo tu, mpaka moshi uache kutoka, lakini mkono bado usikie joto kwa mbali. Majivu yakiwa machache, kaa linajiteketeza usiku na asubuhi unakuta vumbi. Yakiwa mengi na umeyashindilia, linakosa hewa. Alfajiri unafukua kwa kijiti, unaweka nyasi kavu, unapuliza bila pupa. Nilikuwa na miaka 11 na watu watatu walikuwa wanategemea nipulize vizuri ndipo wapate kitu cha moto tumboni.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilifukua nikakuta kaa jeusi. Nje umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, mweupe, kama ilivyo kawaida ya milima ile wakati huo wa mwaka. Nilijua nitachapwa. Bibi aliangalia mafiga, akaniangalia mimi, akachukua kigae cha chungu kilichokuwa kinakaa nyuma ya mlango, akaweka majivu kidogo chini yake ili kisiniunguze mikono. Akasema, "Nenda ng'ambo ukaombe moto."

Ng'ambo ya kijito alikuwa anaishi mjane mmoja. Watoto tulikuwa tumekatazwa kula kwake. Watu walisema mume wake alikanyaga waya, ndivyo walivyousema ugonjwa ule wakati huo, na kwamba na yeye ni suala la muda. Sikuwa na akili ya kutambua kwamba maneno hayo hayo yalikuwa yanasemwa juu ya nyumba yetu. Nilivuka kijito nikipiga hodi kwa sauti ndogo, nikitumaini hatasikia.

Alisikia. Akanikaribisha, akanikalisha kwenye kigoda karibu na moto, akafukua kiazi kwenye majivu akakipangusa kwa kanga yake akanipa. Wakati ninakimenya akasema, "Mimi na mama yako tulitoroka shule siku moja tukaenda misheni kuangalia helikopta. Tulikuwa darasa la tano. Tuliporudi tulichapwa fimbo sita sita. Mimi nililia. Yeye alicheka, mwalimu akamwongezea mbili, akazidi kucheka."

Tangu mama azikwe, hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina lake mbele yetu. Watu wazima walikuwa wakitukaribia wanabadilisha mazungumzo, wakidhani wanatusitiri. Na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba labda nimemtunga, kwamba hakuwahi kuwepo mtu wa namna ile. Sasa hapa nimeketi na mtu aliyemjua akiwa na magoti yenye vumbi. Nilicheka, kiazi kikiwa mdomoni. Halafu kicheko kikageuka kilio, na yule mama hakuniambia jikaze. Alinisogezea kigoda karibu zaidi na moto. Tulipomaliza, makaa aliyokuwa ameniwekea kwenye kigae yalikuwa yameshafifia, akayamwaga, akaniwekea mengine.

Baada ya hapo Bibi alinituma kwake mara nyingi kuomba moto, hata asubuhi ambazo wetu ulikuwa unawaka.

Nilikuwa tayari nimeajiriwa ndipo nikasoma kwa mara ya kwanza kuhusu watoto wa Kauai. Ni kisiwa huko Hawaii. Watoto 698 waliozaliwa kisiwani hapo mwaka 1955 walifuatiliwa tangu tumboni mwa mama zao mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Kazi hiyo iliongozwa na mwanasaikolojia Emmy Werner, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikulia Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na mwenzake Ruth Smith. Baadhi ya watoto hao walizaliwa kwenye umaskini mzito, au kwa wazazi walevi, au wagonjwa wa akili, au kwenye nyumba za ugomvi usiokwisha. Wale waliokuwa na mizigo minne au zaidi ya namna hiyo kabla hawajatimiza miaka miwili, wengi walipata shida shuleni, tabia zikaharibika, wengine wakaugua kiakili. Lakini theluthi moja yao walikua wakawa vijana wenye afya, wanaojiamini, wanaojali wengine.

Watafiti walipouliza kilichowabeba hawa, majibu yalinifanya nifunge kompyuta nikatoka nje kidogo. Kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika asimwachie. Mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, babu, shangazi, dada mkubwa, mwalimu. Na wengi walikuwa wamepewa majukumu nyumbani ambayo wengine waliyategemea kweli kweli, kama kulea wadogo au kusaidia familia ijilishe. Bibi yangu hakuwahi kusoma hata darasa moja. Alitugawia moto, kuni na kuku.

Mtafiti mwingine, Ann Masten wa Marekani, aliandika mwaka 2001 kwamba ustahimilivu wa watoto unatokana na vitu vya kawaida kabisa: mlezi anayejali, akili inayofanya kazi, nafasi ya kujifunza, jamii inayokutambua. Hakuna kipaji cha ajabu ndani yake. Vitu hivyo vikiwepo, watoto wengi husimama tena. Vikiharibiwa, hata mtoto jasiri namna gani atayumba. Mimi hilo nalichukua kama agizo la kazi. Mtoto akiletwa kliniki kwetu na bibi yake, swali langu la kwanza baada ya dozi linamhusu bibi: analala? anakula? nani anamsaidia yeye?

Sasa kaka.

Yeye alipata mlezi yule yule, moto ule ule, kiazi cha kutosha. Ila alikuwa ameambiwa kaburini kwamba yeye ndiye baba, na aliliamini. Alikataa kwenda ng'ambo kuomba moto. Alikataa kuongelewa mambo ya mama. Alipofika kidato cha pili aliacha shule akaenda Mafinga kwenye mbao, akisema wadogo zake wanahitaji ada, na kweli alituma ada, kila muhula, bila kukosa. Alichokuwa hatumi ni habari zake. Tulikuja kujua baadaye: ulanzi, ile pombe ya mianzi, tangu saa nne asubuhi, ugomvi, usiku anaamka anapiga kelele wenzake wanamshika. Kulikuwa na jambo moja lililonishangaza kuliko yote. Mtu yule ambaye alisifiwa msibani alikuwa hawezi tena kukanyaga msiba wowote. Akisikia mlio wa vilio mtaani anageuza njia. Hata Bibi alipofariki, mwaka 2009, alifika kaburi limeshafunikwa, akasimama mbali barabarani na begi lake begani.

Nilimkasirikia kwa miaka mingi kwa ajili ya siku ile. Naliandika hilo hapa kwa sababu nilikosea. Nilikuwa nimeshakuwa muuguzi na bado sikuona kwamba mtu anayekimbia vilio, anayeota ndoto zile zile, anayekunywa ili apate usingizi, anaugua, na kwamba ugonjwa ule ulianzia pale tulipompigia makofi.

Aliyemsaidia alikuwa mzee mmoja mwenye mashine ya mbao Makambako, aliyemchukua kaka akiwa na miaka 29 awe mlinzi wa usiku. Mzee alikuwa akifika asubuhi anamsalimia, "Umeamkaje? Umelala?" Kaka anajibu salama, kama tunavyojibu wote. Asubuhi moja, anasema hajui kwa nini, alijibu, "Sijalala, mzee. Sijalala siku nyingi sana." Mzee alikwenda akazima mashine. Vijana wote wakasimama kushangaa, maana oda ilikuwa inasubiriwa. Akamwambia, "Njoo tunywe chai." Wakanywa chai. Kesho yake akamwuliza tena. Hakumpa nasaha, hakumhubiria, alimwuliza tu kila siku kama amelala na akakaa kusubiri jibu la kweli. Baada ya miezi kadhaa alimwondoa kwenye ulinzi akamfundisha kuranda, kisha akampeleka mwenyewe hospitali kuonana na watu wa afya ya akili. Kaka alitumia dawa karibu mwaka mzima, na ulanzi akauacha kwa kuanguka na kuinuka, mara tatu au nne. Leo ana mke, ana watoto wawili, na ana mashine yake ndogo.

Werner aliliona hili pia Kauai, na ni sehemu ya utafiti ule ambayo watu huitaja mara chache. Wengi wa wale waliokuwa wameharibikiwa wakiwa na miaka 18 walikuja kutengemaa walipofika miaka ya 30 na 40. Kilichowafungulia kilikuwa nafasi ya pili: kurudi shule, kuingia jeshini, ndoa yenye utulivu, kujiunga na jumuiya ya imani. Ninapomwona kijana wa miaka 20 ambaye wote wamemkatia tamaa, ameshakuwa mtoro wa dawa mara tatu na kwao wamemfukuza, namkumbuka kaka akiwa Mafinga. Hesabu yake bado haijafungwa.

Nisieleweke kwamba nataka kila mtu aongee na kila mtu alie. Mdogo wetu, yule wa kuku, ni fundi umeme Tukuyu. Haongei sana juu ya wazazi, hawakumbuki, analala vizuri, anacheka kirahisi, na hana tatizo lolote. George Bonanno, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyewafuatilia watu waliofiwa na waliokutwa na majanga, aliona mara kwa mara kwamba kundi kubwa kuliko mengine ni la wale wanaoendelea na maisha bila kuvunjika, na kwamba utulivu wao ni wa kweli. Kumshika mtu wa namna hiyo na kumwambia "toa, usijizuie, lia" ni kumwonea. Kulikuwa na wakati ambapo waathirika wa ajali na majanga walikusanywa mara moja na kutakiwa wasimulie kila kitu walichokiona, kikao kimoja, basi. Tafiti zilipopima zikakuta kikao hicho hakizuii athari za baadaye, na wengine kiliwaumiza zaidi. Shirika la Afya Duniani halikishauri tena. Mwaka 2011 lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mpangilio wake una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na anahitaji nini. Sikiliza anayetaka kusema, usimlazimishe asiyetaka. Muunganishe na ndugu zake, na chakula, na huduma.

Niliposomeshwa mwongozo huo kwenye semina, jirani yangu wa kiti, mama wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, aliniinamia akaninong'oneza, "Si ndiyo msiba huu?" Ni kweli. Fikiria msiba wa kwetu unavyoendeshwa. Ndani ya saa moja kuna mtu ameshika daftari la michango, mwingine anapanga viti, vijana wamekwenda kuchimba. Wanaume wanawasha moto nje, wanakesha nao. Wanawake wanaingia ndani, wanakaa chini na mfiwa, wanalala naye sakafuni. Huambiwi useme kitu. Anayekuja anasema pole, anakaa. Kukaa kwenyewe ndiyo kazi aliyoijia. Nimehudhuria semina nyingi na sijaona mahali walipotengeneza kitu bora kuliko zile siku tatu.

Shida yetu ni siku ya nne. Matanga yanaanuliwa, turubai linakunjwa, kundi la WhatsApp la msiba linafungwa baada ya mapato na matumizi kusomwa. Na mfiwa, ambaye kwa siku tatu hakuachwa peke yake hata dakika, anaachwa peke yake kabisa, siku ambayo ganzi inaanza kumtoka. Hapo ndipo anaanza kusikia jikaze, kwa sababu tumeshafanya yetu na tungependa naye aendelee. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa Kiswahili tunasema "ana mawazo". Washona wa Zimbabwe wana neno linalofanana, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alikosa chumba na wataalamu wa kutosha, akaanza na wabibi 14 wa mtaani. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kushughulikia kwanza, wakawekewa benchi nje ya kituo cha afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi na wabibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nimelifikiria sana benchi hilo. Nimeliweka akilini nje ya kila zahanati ninayoijua, kuanzia Igurusi mpaka Kyela.

Kwa sasa nina daftari. Mtu akifiwa, au akipata majibu mazito, au akitoka kwenye ajali kama zile za mteremko wa Iwambi, naandika tarehe ya wiki ya sita na ya mwezi wa tatu. Siku hiyo ikifika nampigia. Sina maneno maalumu. Nauliza amelala? Na kama kuna aliyefariki, namuuliza kitu kimoja juu ya marehemu: alikuwa anapenda kupika nini, alikuwa anachekaje. Wengine wanajibu kwa neno moja tunaagana. Wengine wanashika simu nusu saa. Wale ambao kwa mwezi na zaidi hawalali, wanaona tukio lile lile likijirudia mbele ya macho, wanakunywa ili wasahau, au wanasema hawaoni sababu ya kuishi, hao siishii kwenye simu tu. Nawapeleka kwa wataalamu, na nikiweza nakwenda nao mpaka mlangoni, maana ule mlango ni mzito kuusukuma peke yako.

Kuna sentensi moja ambayo huwa inaniumiza nikiisikia, hata ikisemwa kwa sifa: watu wa kule ni wagumu, wameshazoea. Nimeisikia ikisemwa juu ya Makete, nimeisikia juu ya Kyela mafuriko yanapoingia kwenye mipunga na nyumba. Hakuna mtu anayezoea kuzika. Bibi alipokuwa anaitikia "wametimia" kila jioni, siku nyingine sauti yake ilikuwa inatoka gizani nyuma ya nyumba, alikokwenda ili tusimwone. Na mimi siwezi kusema kwamba nashukuru kwa yaliyonikuta kwa sababu yamenifunza. Ningeyarudisha yote niliyojifunza kama ningepata chupa moja ya dawa mwaka ule wa 1998.

Juni iliyopita tulikwenda Makete wote watatu, kwa njia ya Isyonje, tukapita Kitulo wakati ukungu unanyanyuka kwenye nyasi. Nyumba ya Bibi bado imesimama, jiko limeanguka upande mmoja. Mjane wa ng'ambo yu hai. Ni mzee sasa, anatumia dawa tangu zilipofika, na alituletea viazi. Tuliwasha moto kwenye mafiga yale yale. Kaka alikaa kimya, akichokoa makaa kwa kijiti, kisha akasema bila kututazama kwamba usiku ule mama alipozikwa hakulala ndani. Alikwenda nyuma ya ua, kukawa na baridi, akaanza kuhesabu fito za ua kwa kuzigusa moja moja ili asilie. Akifika mwisho anarudi kuanza upya, mpaka kukapambazuka.

"Zilikuwa ngapi?" mdogo wetu akamwuliza.

"Mia mbili na kumi na nne."

Ua wenyewe ulishaoza zamani, hakuna fito hata moja iliyobaki. Kaka alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema ulianzia pale kwenye lile jiwe. Tukatoka tukamfuata, na yule mama wa ng'ambo akainuka naye, polepole, ameshika bega langu.